Michoro ya Kakapel: Urithi wa Waliotutangulia, Wajibu Wetu Sote

Katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, karibu na mpaka wetu na Uganda, kuna mwamba mkubwa ulioinama mbele kama paa la nyumba. Mvua ikinyesha, aliyesimama chini yake haloi. Jua likiwaka, kuna kivuli siku nzima. Ukiinua macho kuangalia upande wa ndani wa mwamba huo, utaona michoro ya rangi nyekundu na nyeupe: miduara iliyo ndani ya miduara mingine, mistari, na ng'ombe wenye pembe ndefu.

Mahali hapa panaitwa Kakapel. Wengi wetu tumepasikia kwa sababu ya sherehe za utamaduni wa Wateso. Waliopanda hadi kwenye mwamba kuiangalia michoro yenyewe ni wachache, na wachache zaidi wanaweza kumweleza mtoto au mgeni ni nani aliyeichora na kwa nini.

Makala haya yanaeleza mambo manne: kilichoko Kakapel, watu waliokiacha, mambo yanayokihatarisha, na kazi ya kila mkazi katika kukitunza. Tumeona ni vyema kueleza kwa kirefu kwa sababu moja. Rangi ikibanduka kwenye mwamba huo, hakuna fundi wa kuirudisha.

NI NINI KILICHO KWENYE MWAMBA

Michoro ya Kakapel haikuchorwa siku moja wala na kikundi kimoja cha watu. Wataalamu walioichunguza wanaona aina tatu za kazi.

Ya kwanza, na ya kale zaidi, ni maumbo: miduara iliyozungukana na mistari. Hakuna mtu wala mnyama katika kazi hii. Aina hii ya michoro inajulikana pia katika sehemu nyingine za ukanda wa Ziwa Victoria na kuendelea kusini hadi Zambia.

Ya pili ni ya ng'ombe. Hapa mchoraji alikuwa mtu aliyeijua mifugo. Alichora pembe na umbo la mnyama kwa namna ambayo mfugaji yeyote wa leo angeelewa.

Ya tatu ni alama na maumbo ya nyakati za karibuni zaidi, ambayo yanahusishwa na mababu wa Wateso waliofika katika eneo hili karne chache zilizopita.

Je, wataalamu wanajuaje ipi ilitangulia? Njia ya kwanza ni rahisi, na hata wewe unaweza kuitumia ukiwa pale. Mahali ambapo michoro miwili imekutana, mmoja huwa juu ya mwingine. Ulio chini ndio wa kwanza. Ni kama ukuta wa duka uliopakwa rangi mara kadhaa: ukikwaruzika, unaona rangi ya zamani chini ya mpya.

Kwa hiyo mwamba wa Kakapel ni kama daftari moja lililoandikwa na watu wa vizazi tofauti. Waliofuata waliikuta kazi ya waliotangulia, wakaongeza yao.

WALIOCHORA WALIKUWA AKINA NANI?

Michoro ya kale zaidi, ile ya miduara, inahusishwa na watu walioishi kwa kuwinda na kukusanya matunda, mizizi na asali. Watafiti wengi huwaita Batwa au Twa, kwa sababu wanadhaniwa kuwa na uhusiano na jamii za Batwa ambazo hadi leo ziko Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Watu hawa waliishi katika eneo la Ziwa Victoria kwa maelfu ya miaka kabla ya kufika kwa wakulima na wafugaji.

Hili ni jambo la kulifikiria kwa makini. Katika kaunti yetu tuna Wateso, Wasamia, Wabukhayo, Wamarachi, Wanyala, Wajaluo na wengine. Kila jamii ina simulizi ya safari yake: ilitoka wapi, ilivuka mto gani, ilimkuta nani. Simulizi hizo ni za kweli na ni za thamani. Lakini pia zinatukumbusha kwamba kila mmoja wetu alifika. Na tulipofika, nchi hii haikuwa tupu.

Ni kosa la kawaida kudhani kwamba watu wa kuwinda na kukusanya walikuwa wajinga au walitoweka kabisa. Wengine waliolewa na kuoa katika jamii zilizofika, wakajifunza lugha mpya, na damu yao ikaendelea ndani ya jamii hizo. Wengine wapo hadi leo kwa majina yao wenyewe. Jirani zetu wa Mlima Elgon, Waogiek wa Chepkitale, ni jamii ambayo maisha yake yalijengwa juu ya msitu, nyuki na mawindo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 260, inazitaja jamii za asili zilizodumisha maisha ya kuwinda na kukusanya miongoni mwa jamii zilizotengwa zinazostahili ulinzi. Kwa hiyo tunapozungumza kuhusu turathi za watu wa kale, tunazungumza pia kuhusu heshima tunayowapa Wakenya walio hai.

UDONGO ULIO CHINI YA MWAMBA UNASEMA NINI

Michoro ni nusu tu ya utajiri wa Kakapel. Nusu nyingine imefukiwa chini, mahali unapokanyaga.

Wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vikuu vya nje, wamechimba sehemu ndogo ya sakafu ya mwamba huo. Kazi ya namna hii hufanywa polepole. Udongo huondolewa tabaka kwa tabaka, huchungwa kwa chekeche, na mwingine huoshwa kwa maji ili mbegu ndogo zilizoungua zielee. Kila kipande huandikwa kilitoka tabaka gani, kwa sababu kipande kisichojulikana kilikotoka hakiwezi kueleza lolote.

Walichokipata kilionyesha kwamba watu wametumia kivuli cha mwamba huu kwa takribani miaka 9,000. Kwa muda mrefu walikuwa wawindaji, wavuvi na wakusanyaji. Baadaye mifugo ikaja, kisha mazao, kisha chuma.

Mnamo Julai 2024 watafiti hao walichapisha matokeo kuhusu mbegu. Mbegu za kunde kutoka Kakapel zilipimwa umri wake moja kwa moja na kukutwa na miaka ipatayo 2,300. Hizo ndizo mbegu za zao la kupandwa zenye umri mkubwa zaidi zilizowahi kupimwa kwa njia hiyo katika Afrika Mashariki. Pamoja nazo kulipatikana wimbi na mtama wa baadaye, wenye umri wa miaka isiyopungua 1,000, na hata njegere iliyoungua bila kupasuka.

Tuseme tena kwa lugha ya sokoni. Kunde zinazouzwa leo kwa mafungu pale Malaba na Amagoro, wimbi linalosagwa kwa uji na kutengenezwa kinywaji cha kijiji, mtama unaoanikwa uani: vyote hivi vina historia ndefu katika udongo wa kaunti hii, na ushahidi wake ulikuwa chini ya mwamba mmoja Teso Kaskazini. Zao lililoendelea kupandwa katika eneo hili kwa zaidi ya miaka 2,000 limepitia ukame, mafuriko na wadudu wengi. Wanaotafuta mbegu za kuhimili mabadiliko ya hali ya hewa wana sababu ya kuuliza historia hiyo.

Kakapel pia palikuwa mahali pa kuzika. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020 ulihusu mabaki ya watu watatu waliozikwa hapo katika nyakati tofauti. Wa kwanza aliishi miaka ipatayo 3,900 iliyopita, na nasaba yake ni ya watu wa kuwinda na kukusanya. Wengine wawili waliishi miaka ipatayo 900 na 300 iliyopita, na nasaba yao inakaribia ile ya jamii zinazozungumza lugha za Kiniloti. Udongo, kwa hiyo, unakubaliana na michoro: watu tofauti walipokezana mahali hapa.

Na kwa kuwa ni makaburi, panastahili adabu ya makaburi.

MICHORO INA MAANA GANI?

Hili ndilo swali la kwanza la kila anayefika. Jibu la kweli ni kwamba hakuna kamusi ya michoro hiyo. Waliochora miduara hawakuacha maandishi, na lugha yao haizungumzwi tena hapa. Mtu akikwambia kwa uhakika kwamba duara hili ni jua na lile ni mwezi, anakisia.

Hata hivyo, kukisia si njia pekee tuliyo nayo. Tunaweza kuangalia maeneo kama hayo kwingineko na kusikiliza wanayosimulia wenyeji.

Katika Kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, kuna michoro ya miduara nyekundu na nyeupe kwenye mapango ya Mawanga na Kwitone. Wazee wa Abasuba husimulia kwamba iliachwa na Batwa waliokuwa kisiwani kabla yao. Abasuba hawakuichora, lakini hawakuidharau. Mapango hayo yalihesabiwa kuwa mahali penye nguvu, na yalihusishwa na maombi ya mvua.

Ng'ambo ya mpaka, katika Wilaya ya Kumi nchini Uganda, kuna miamba ya Nyero yenye miduara ya aina hiyohiyo. Wateso wa huko walikuta michoro tayari ipo, nao wakapafanya mahali pa maombi.

Mfangano na Nyero zinatufundisha jambo moja. Waliofika baadaye walitambua kwamba mahali palipochorwa palikuwa na maana kwa mtu fulani, wakaendelea kupaheshimu hata kama maana ya kwanza hawakuijua yote. Hiyo ndiyo njia nzuri ya kuelewa turathi ya mtu mwingine. Haikulazimishi uamini alichoamini. Mkristo, Mwislamu na anayefuata mila wote wanaweza kusimama chini ya mwamba wa Kakapel na kuheshimu kazi ya mikono ya binadamu aliyeishi hapo kabla yao.

Jambo jingine ni kuepuka neno «michoro ya watoto» au «ya washenzi». Aliyechora miduara iliyozungukana bila kugongana, juu ya kichwa chake, kwenye jiwe lisilo laini, alijua anachofanya na alifundishwa na mtu.

RANGI ILITENGENEZWAJE, NA KWA NINI INAFIFIA

Wachoraji wa kale wa Afrika walipata rangi nyekundu kutokana na udongo na mawe yenye chuma, ule udongo mwekundu tunaoufahamu. Waliusaga hadi ukawa unga. Nyeupe ilitokana na udongo mweupe na vitu vingine vya asili. Unga ulichanganywa na kitu cha kuushikisha, kama mafuta ya wanyama, damu, ute wa yai au utomvu wa mimea, kisha ukapakwa kwa kidole, kijiti au unyoya.

Nyekundu hudumu zaidi kwa sababu chuma hujipenyeza ndani ya jiwe. Nyeupe hukaa juujuu, kwa hiyo hubanduka mapema. Unapoona mduara mwekundu ulio na nafasi wazi katikati ya mistari, huenda nafasi hizo zilikuwa na nyeupe iliyokwisha kutoka.

Rangi hizi zimestahimili maelfu ya misimu ya mvua na kiangazi. Hazistahimili mambo yafuatayo:

Kukwaruza na kuandika majina. Anayeandika jina lake na la mpenzi wake kwa mkaa au msumari anaharibu kwa dakika moja kazi iliyokaa miaka elfu. Kusugua ili kuliondoa jina hilo mara nyingi huondoa na mchoro.

Kumwagia maji. Wapo wanaolowesha mchoro ili rangi ing'ae wapate picha nzuri kwa simu. Maji huleta chumvi ya ndani ya jiwe juu. Ikikauka huacha utando mweupe unaofunika mchoro, na rangi hubanduka nao.

Kugusa. Mkono wa binadamu una jasho na mafuta. Mguso mmoja hauonekani, lakini darasa zima la watoto 60, mwaka baada ya mwaka, linaonekana.

Moto. Kivuli cha mwamba ni mahali pazuri pa mchungaji kuota moto au kuchoma mahindi. Moshi hupaka masizi na joto hupasua uso wa jiwe.

Kupasua mawe na kukata miti. Kokoto na mawe ya ujenzi yana soko. Lakini mtikisiko wa kupasua jirani na mwamba huweza kupasua na mwamba wenyewe. Miti iliyo mbele ya mwamba nayo huuzuia upepo, vumbi na jua kali. Ikikatwa, mwamba hubaki wazi.

Kuchimba hazina. Katika maeneo mengi ya mapango ya Afrika Mashariki kuna uvumi kwamba waliotangulia walificha dhahabu au fedha. Kule Kondoa, Tanzania, ambako michoro ya miambani imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, watu wamechimba chini ya miamba wakitafuta mali inayodaiwa kufichwa na Wajerumani. Walichoharibu ni tabaka za udongo zenye historia. Hazina ya Kakapel ni kunde iliyoungua, kigae cha chungu na mfupa. Vitu hivyo havina bei sokoni, na vikichimbuliwa ovyo havina faida hata kwa mtafiti.

NI NANI MWENYE WAJIBU WA KUTUNZA

Kakapel ilitangazwa kuwa turathi ya kitaifa mwaka 2004, kwa juhudi za Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na shirika la Trust for African Rock Art, ambalo lilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya kuhifadhi kumbukumbu za michoro ya miambani barani Afrika.

Wakazi wengi huuliza: hii ni kazi ya serikali ya kitaifa au ya kaunti? Jibu ni kwamba kila upande una sehemu yake.

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, maeneo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa yako chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti zimepewa shughuli za utamaduni, makavazi ya ngazi ya kaunti, na vifaa vya utamaduni na burudani. Kifungu cha 11 cha Katiba kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki katika utamaduni anaouchagua.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kuharibu au kuchimba turathi iliyotangazwa. Kuchimba kwa ajili ya utafiti kunahitaji leseni. Anayegundua kitu cha kale, kwa mfano akilima shamba au akichimba choo, anatakiwa kutoa taarifa kwa Makavazi ndani ya siku 7. Kuuza kitu hicho au kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Kazi za Utamaduni ya mwaka 2016. Hii inahusu yale yasiyoshikika: simulizi, nyimbo, ngoma, maarifa ya dawa na ufundi. Inazipa serikali za kaunti kazi ya kuweka kumbukumbu za maarifa hayo na kuyalinda yasitumiwe na wengine bila idhini ya jamii. Kwa hiyo mzee anayejua jinsi Kakapel ilivyotumiwa zamani ana mali inayotambuliwa na sheria. Mwanafunzi au mgeni anayekuja kumrekodi anapaswa kumweleza rekodi hiyo inakwenda wapi na kuomba ruhusa yake kwanza.

Lakini sheria haina macho. Mwamba uko mlimani, na maofisa wako mbali. Anayeona moshi, anayesikia nyundo, anayemfahamu kijana mwenye kopo la rangi ni jirani wa karibu.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

«Mimi si Mteso. Kakapel inanihusu nini?»

Inakuhusu kama inavyomhusu Mteso. Michoro ya kwanza haikuchorwa na Wateso, wala na Waluhya, wala na Wajaluo. Hakuna jamii ya leo inayoweza kusema mwamba wote ni wake, na kwa sababu hiyo hakuna inayoweza kusema hauihusu. Wateso ndio majirani na walinzi wake wa karibu, na wanastahili shukrani kwa hilo. Urithi wenyewe ni wa sisi sote.

«Je, michoro hii italeta pesa?»

Inaweza, ikiwa itabaki. Mfangano wenyeji walianzisha Makavazi ya Amani ya Jamii ya Abasuba, ambapo wageni hupokelewa, huelezwa historia ya kisiwa na kuongozwa hadi kwenye mapango. Mgeni huhitaji pikipiki, chakula, malazi, mwongozaji na kitu cha kununua. Kakapel iko karibu na barabara kuu na mpaka wa Malaba unaopitwa na watu wengi kila siku. Lakini hakuna atakayepanda mlima kuangalia mwamba uliojaa majina ya watu.

«Kwa nini msiipake rangi upya iwe wazi?»

Kwa sababu ikipakwa upya itakuwa kazi yetu na si yao. Rangi mpya pia huziba ile ya kale, na mtafiti wa kesho hataweza kuipima. Kinachofanyika ni kuipiga picha za ubora wa juu na kuitunza ilivyo.

«Nimekuta vigae na mawe yaliyochongwa shambani. Mtakuja kunichukulia shamba?»

Kutoa taarifa hakukuondolei hatimiliki. Viache vitu mahali vilipo, piga picha, kumbuka vilikuwa kina gani, kisha mweleze chifu au naibu chifu ili taarifa ifike kwa Makavazi. Kipande kilichohamishwa kimepoteza zaidi ya nusu ya maelezo yake.

UNAPOTEMBELEA KAKAPEL

1. Nenda na mwongozaji wa eneo hilo. Anajua njia salama na simulizi za mahali.

2. Angalia kwa macho. Usiguse, usiegemee mwamba, usiweke mgongo wala begi juu ya michoro.

3. Piga picha bila kumwaga maji, bila chaki na bila kuchora mstari wa kuzungushia mchoro.

4. Usiwashe moto wala kuvuta sigara chini ya mwamba.

5. Usiokote chochote, hata kigae kidogo au jiwe zuri. Usichimbe.

6. Usiache taka. Chupa na mifuko hurudi nyumbani na aliyekuja nayo.

7. Walimu: gawanyeni wanafunzi katika vikundi vidogo. Wengine wangoje mbali kidogo huku kikundi kimoja kikiangalia. Wapeni karatasi wachore wanachokiona huko, ili hamu yao ya kuchora iishie kwenye karatasi.

8. Heshimu pahali. Wapo majirani wanaopahesabu kuwa patakatifu, na wapo waliozikwa hapo.

UKIONA UHARIBIFU

Usijaribu kusafisha wewe mwenyewe, hata kama ni jina lililoandikwa kwa mkaa tu. Piga picha ukiwa mbali kidogo, andika tarehe, kisha toa taarifa kwa chifu, msimamizi wa wadi, afisa wa utamaduni wa kaunti au Makavazi ya Kitaifa. Aliyeharibu akiwa ni kijana wa kijijini, mazungumzo ya wazee na wazazi wake mapema yanaweza kumzuia asirudie, na kuwazuia wenzake.

KAZI YA NYUMBANI

Kuna sehemu moja ya urithi huu ambayo haiko mwambani na hakuna ofisi inayoweza kuilinda peke yake. Ni yale yaliyomo vichwani mwa wazee wetu: majina ya vilima na vijito, mahali pa kuombea mvua, miti isiyokatwa, simulizi za watu waliokutwa hapa na jinsi jamii zetu zilivyoishi nao. Michoro ya miduara ilibaki bila maelezo kwa sababu mnyororo wa kusimuliana ulikatika.

Likizo ijayo, mpe mtoto wako simu au daftari, umpeleke kwa nyanya au guka yake, aulize maswali matatu: Tulifika hapa kutoka wapi? Tulimkuta nani? Ni mahali gani ambapo hatukuruhusiwa kuchezea, na kwa nini? Aandike majibu kwa lugha aliyoyasikia nayo, iwe Kiteso, Kisamia, Kinyala au nyingine yoyote, pamoja na jina la aliyesimulia na tarehe. Daftari hilo litunzwe.

Wengi wa waliochora Kakapel hatujui majina yao. Tunachojua ni kwamba kila kundi lililofika liliikuta kazi ya wengine kwenye mwamba na halikuifuta. Sasa zamu ni yetu.